Walimu wa Sayansi shule za msingi, kifaranga si chaki!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mnivumilie nikiandika ovyo.

Binti yangu yuko darasa la tatu, shule moja ya hapa Mbeya. Jumatano ya wiki iliyopita karudi na agizo: kesho kila mtoto aje na kiumbe hai, asiyeleta anasimama nje. Mimi nafuga kuku wa kienyeji, basi akang'ang'ania kifaranga. Nikampa mmoja wa siku tano, nikijua mchana atarudi naye. Ujinga wangu huo, naukubali.

Hakurudi naye. "Mwalimu kasema zana zibaki darasani, kesho tunaendelea." Ijumaa kipindi hakikuwepo, walimu walikuwa na kikao. Jumatatu watoto wanafungua boksi: vifaranga saba, wote wamekauka. Vyura nao wamefia kwenye chupa za maji zilizofungwa vifuniko. Kinyonga alishakufa tangu Alhamisi, wavulana walikuwa wanamchokoa kwa kalamu ati abadilike rangi.

Aliyewahi kufuga anajua. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, ndiyo maana tunawasha taa au jiko la mkaa, la sivyo analala chini ya mbawa za mama yake. Mbeya hii ya Julai, sisi wenyewe tunajifunika mablanketi mawili! Sakafu ya simenti, dirisha halina kioo, pumba hakuna, maji hakuna. Siku nne.

Nikaenda shule. Najibiwa, "Mzazi, si kuku tu, hata hivyo mngemchinja?" Ndiyo, ningemchinja, akishakua, kwa kisu kikali, mara moja. Simfungii kwenye boksi la sabuni afe kwa kiu wakati ubaoni pameandikwa "viumbe hai hula, hukua, hupumua".

Na mikono je? Kifaranga anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa na salmonela, vijidudu vya kuharisha, kwenye kinyesi. Watoto zaidi ya tisini wamewashikashika, kengele ikalia, wakatoka kula vitumbua. Bomba la shule lina mwezi halitoi maji.

Sipingi vitendo. Nyuma ya darasa lao kuna mparachichi umejaa sisimizi, na jirani wa shule ana mbuzi. Watoeni nusu saa wakaangalie, hakuna mzazi atakayedaiwa kitu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Inaingia na darasani au inaishia machinjioni? Afisa mifugo niliyempigia alicheka tu. Mwenye kujua pa kulipeleka hili aniambie, kikao cha wazazi ni Jumamosi.

Jana jioni limekuja agizo jingine: Alhamisi kila kundi lije na sungura. Tunao wawili. Mtoto kawaficha stoo nyuma ya magunia, anadhani sijamwona.