MREJESHO: Wafanyakazi waliokuwa kimya kwenye vikao

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu vijana wa kiwanda chetu kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Kwenye kikao kila mtu "tuko sawa bosi", malalamiko yote nayakuta kwa mama ntilie.

Sanduku la maoni halikufua dafu. Liko mlangoni pa ofisi, nani atumbukize karatasi mbele ya msimamizi wake?

Kilichosaidia ni ule ushauri wa kaizen, utaratibu wa Wajapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo: nenda kazi inakofanyika, uliza huko. Sasa kabla ya zamu tunasimama kando ya mashine, dakika chache tu, na swali ni moja: "Jana nini kilikukwamisha?" Siku ya tatu fundi mmoja, mpole kupindukia, akasema chekeche limetoboka, mchanga unapita na mbegu na ndio unaokula vyuma vya kukamulia. Kumbe alijua muda wote! Tulibadilisha chekeche wiki hiyohiyo, tukaandika ubaoni nani kasema na nini kimefanyika. Nadhani ule ubao ndio uliowafungua midomo kuliko maneno yangu yote.

Aliyenishauri baraza la wafanyakazi, yaani chombo cha wafanyakazi na uongozi kujadili kazi pamoja, mabaraza ya Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 yalilenga mashirika ya umma. Sisi hata thelathini hatufiki.

Bado akina mama wa kufungasha hawasemi. Nimemwomba mmoja wao aongoze mazungumzo ya upande wao, mimi nisiwepo. Mwenye uzoefu na hilo aniambie.