Ukoo wa Bibi Mwanaidi

Shangazi Zai 19:42
Jamani, Rehema bado yuko hospitali. Maumivu yalianzia kitovuni jana, leo yamehamia chini kulia, anatapika. Wanahisi kidole tumbo.

Shangazi Zai 19:44
Ultrasaundi haikuonyesha vizuri. Daktari anataka kumpasua kwa matundu, aingize kamera achungulie. Akikuta ni chenyewe anakitoa hapohapo. Ila ni laki saba zaidi ya upasuaji wa kawaida. Nataka majibu SASA.

Shangazi Zai 19:58
Mmesoma wote. Kimya.

Anko Idi 20:04
Kamera tumboni? Itakutana na pilau la Mwanaisha 😂

Mwanaisha
Pilau langu limekukosea nini?

Shangazi Zai
Idi! Mtoto anaumwa. Na asipelekewe chochote, atapigwa nusu kaputi. Ule uji uko wapi?

Mwanaisha
Kanywa mlinzi.

Seif 20:31
Nilikuwa barabarani. Shangazi, mimi nilichanwa kawaida na ni mzima. Laki saba za nini?

Salma nesi
Kaka, wewe huna kizazi. Kwa msichana inaweza kuwa ovari imejisokota, au hata mimba imetunga nje. Ukichana pale kulia ukakuta kidole tumbo kizima, utatafuta wapi tena? Kwa kamera wanazungusha wanaona kote. Tumbo hujazwa gesi, kwa hiyo baadaye bega likimuuma msishtuke. Ikishindikana watachana kawaida, aambiwe kabla hajasaini.

Shangazi Zai
Salma, hayo ya mimba ungeniambia pembeni.

Salma nesi
Hupimwa kila msichana, shangazi.

Seif
Sawa. Hela apewe nani? Yasijirudie ya bati la Muheza.

Shangazi Zai
Risiti nilituma humuhumu!

Seif
Ya nusu.

Anko Idi
Na bado linavuja 😂

Salma nesi 21:10
Bibi kapiga, kasema niandike hivihivi: "Asha wangu tumbo lilimpasukia ndani mkibishana nani alipe teksi. Sitaki kusikia bati."

Seif 21:26
Nimetuma laki mbili. Kwa namba ya Salma.

Mwanaisha
Hamsini kesho nikiuza.

Baba Mkubwa 21:40
Asalaam aleikum. Matundu mangapi kwa laki saba?

Salma nesi
Waaleikum salaam. Mara nyingi matatu, baba.

Shangazi Zai 21:47
Wanamwingiza saa nne. Bado laki tano, na hakuna aliyesema atalala hospitali. Seif, kwa nini namba ya Salma?