Tupeane uzoefu: ruzuku za mashirika yetu yanayohudumia wakimbizi na wahamiaji

Katibu wa Chama (Louisville, Kentucky)
Ndugu zangu, leo nilikuwa napanga kabati la chama nikakutana na bahasha ya kaki yenye risiti za mafuta ya gari za mwaka 2023, na karibu zote zimebaki karatasi nyeupe. Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa ya kurudishiwa, yaani mnatumia fedha zenu kwanza, mnapeleka vielelezo, kisha mnasubiri, nasi tulikuwa tukiwapeleka kliniki akina mama waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa gari la mweka hazina wetu. Mfadhili alizikataa risiti zilizofifia, na mweka hazina, ambaye alinunua mafuta kwa mshahara wake wa kiwandani, hakurudishiwa hata senti. Nini kimewasaidia ninyi, na nini kimewaumiza?

Mama Wawili (Boise)
Zinafutwa na joto la ndani ya gari, hata mimi yamenikuta. Siku hizi napiga picha kabla sijaondoka kituoni.

Fundi Cherehani (Phoenix)
Zipitishie pasi yenye moto mdogo, maandishi yatarudi.

Mhasibu (Portland, Maine)
Tafadhali msithubutu, karatasi ile ikiguswa na moto huwa nyeusi yote. Katibu, mwombe mweka hazina taarifa za kadi yake ya benki za mwaka ule, kisha mwandikie mfadhili upya.

Dada wa Mapokezi (Dayton, Ohio)
Nimesoma habari za mweka hazina nikashindwa kuendelea na kazi, kwa hiyo naomba mniruhusu niseme yangu.

Ijumaa tarehe 24 Januari 2025 nilikuwa nahudumia familia mpya katika ofisi moja ya mapokezi ya wakimbizi. Familia ya watu 8 ilikuwa na siku 8 tangu ifike, tumeiweka hotelini, na mkataba wa nyumba ulikuwa utiwe saini Jumatatu. Utaratibu mnaujua: siku 90 za mwanzo zilikuwa na fungu lake la serikali, la kodi ya nyumba, la magodoro, la sufuria. Siku ile ikatoka barua ya serikali kwa mashirika yote ya kitaifa ya mapokezi, kwamba kazi isimame mara moja na gharama mpya zisiingiwe, nayo haikuwabakiza hata wale waliokwisha kuteremka kwenye ndege.

Jioni nilikwenda hotelini. Baba mwenye familia alikuwa ameketi kitandani, amevaa koti jipya la baridi ambalo kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba huondolewa. Akaniuliza Jumatatu waamke saa ngapi. Nikamjibu, "Saa 12, mzee," kisha nikatoka nikalia kwenye ngazi.

Nilimpigia mchungaji simu, mchungaji akampigia imamu, na kufikia Jumapili usiku kodi ya mwezi wa kwanza ilikuwa imetimia katika noti ndogo ndogo. Mwenye nyumba akakataa noti, akataka hundi ya shirika. Hundi ikatolewa na kikundi cha akina mama wa Kibembe, ambacho kilikuwa na akaunti kwa sababu tu ya ruzuku ndogo ya cherehani waliyopata mwaka uliotangulia. Mimi niliachishwa kazi Februari.

Mama Wawili (Boise)
Pole sana, dada yangu. Hilo koti limenikaa moyoni.

Mhasibu (Portland, Maine)
Pole, dada. Hata hivyo nalazimika kusema kwamba fedha za kodi hazikupaswa kupita katika akaunti ya ruzuku ya cherehani, kwa sababu mkaguzi akikuta mchanganyiko huo, akina mama ndio watakaojibu.

Fundi Cherehani (Phoenix)
Mhasibu, watoto wangelala wapi?

Mhasibu (Portland, Maine)
Sijasema wasilale. Nimesema iandikwe daftarini siku ile ile, pamoja na majina ya waliochanga. Nami nimelala ofisini nikitafuta dola 40, kwa hiyo usinifundishe huruma.

Mwenyekiti wa Kikundi (kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya)
Ninyi angalau mna hundi. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili wakubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu zitayafikia mashirika ya wenyeji moja kwa moja kadiri iwezekanavyo, lakini kikundi chetu hupata kilichobaki baada ya fedha kupita katika mashirika mawili. Tulifundisha watoto miezi 9. Picha ya darasa letu iliingia katika ripoti, jina letu halikuingia.

Fundi Cherehani (Phoenix)
Kaka, hapa tunazungumzia Marekani.

Mwenyekiti wa Kikundi (Kakuma)
Katibu ameuliza juu ya ruzuku, na hao akina mama wa Nyarugusu walikuwa wakimbizi kabla hawajawa wa Marekani.

Mzee wa Kanisa (Iowa)
Amesema kweli, mwacheni. Ushauri wangu ni kwamba msikae chini ya mtu, jisajilini wenyewe: fomu fupi ya mamlaka ya kodi ya kuomba hadhi ya kusamehewa kodi ni dola 275 kwa chama kinachotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka.

Mama Wawili (Boise)
Mzee, shikamoo, lakini sisi tulijisajili, hatukuwasilisha taarifa ya mwaka kwa miaka 3 mfululizo kwa kudhani chama kidogo kimesamehewa, na hadhi yetu ikafutwa. Sasa tuko chini ya shirika mlezi, yaani shirika lililosajiliwa linalotupokelea ruzuku, nalo linakata asilimia 10, nasi tunalala usingizi.

Mhasibu (Portland, Maine)
Nyote mnasahau gharama za uendeshaji. Tangu Oktoba 2024 ruzuku za serikali kuu zinaruhusu hadi asilimia 15 kwa gharama hizo kwa shirika lisilo na kiwango chake maalumu kilichokubaliwa na serikali, kutoka 10 ya zamani, na bado naletewa bajeti zenye sifuri, kana kwamba taa na simu vinajilipa.

Katibu wa Chama (Louisville, Kentucky)
Dada wa Mapokezi, ile familia ilipata nyumba?

Dada wa Mapokezi (Dayton, Ohio)
Iliingia Jumatano, na magodoro yakafika Alhamisi. Baba bado analivaa lile koti. Kibandiko nilikikata mimi mwenyewe.

Katibu wa Chama (Louisville, Kentucky)
Ahsante. Nimeongea na mweka hazina sasa hivi, taarifa za benki anazo zote. Mhasibu, naomba unisaidie kuandika hiyo barua.