Naomba ushauri: watoto wameniganda na maboga ya Halloween, nipike nini na nianze lini?

mama_wa_mabinti

Wanajamvi, habari za majukumu.

Tuko Columbus, Ohio. Tumehamia mwaka huu kutoka Tanga, kwa hiyo hii ndiyo Oktoba yetu ya kwanza huku. Nina mabinti wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka minne. Tangu Septemba iishe nyumba haikaliki: wakirudi shule ni boga, wakiamka ni boga. Majirani wameshapanga yao barazani, na wangu wanataka tuwe na letu, tulichonge sura, tuweke taa ndani.

Boga lenyewe halinitishi, nimekua nalo. Ila kuna mambo naomba mnisaidie.

Kuna jirani ameniambia haya makubwa ya rangi ya chungwa watu hawayapiki. Ni kweli? Roho inaniuma kuona boga zima linawekwa nje mpaka lioze. Na likishachongwa linakaa siku ngapi? Nisije nikalichonga leo, tarehe 31, siku yenyewe ya Halloween, ikafika limeshalegea.

La pili ni vitafunwa. Ningependa watoto watengeneze kitu kwa mikono yao hizi wiki za kungojea, kashata, visheti, vileja, chochote, badala ya kubeba mifuko ya pipi dukani tu. Lakini shule imetuma barua kwamba vya kugawa darasani viwe vya dukani, vimefungwa, na viungo vimeandikwa juu. Sasa kazi ya jikoni kwetu tumpe nani?

Na huyu mdogo kisu sitaki akishike, lakini sitaki pia ajione ametengwa.

Kuhusu imani na sikukuu yenyewe, mimi na baba yao tumeshazungumza tukaelewana. Naomba tubaki kwenye maboga na mapishi. Natanguliza shukrani.

---

mzee_wa_ohio

Karibu sana Ohio, mama. Umefika jimbo la maboga hasa.

Jirani yako amesema nusu. Lile kubwa la kuchonga linalika, halina sumu yoyote. Tatizo ni kwamba limezalishwa liwe na ganda gumu, umbo zuri na tumbo pana, si liwe tamu. Nyama yake nyembamba, ina nyuzi na maji mengi. Ukilipika kwa nazi kama la Tanga utakoroga sufuria jioni nzima lisishikane.

La kupika tafuta yale madogo ya mviringo ya kilo 2 au 3, yanauzwa kwa jina la maboga ya sukari au ya pai. Ila siri ambayo wengi wetu tumeigundua baada ya kukaa huku muda ni hii: nenda duka la Waasia ukatafute kabocha. Ganda la kijani, ndani njano iliyokolea, nyama kavu na tamu. Hilo ndilo linalokaribia boga letu. Ukikosa, chukua butternut, lile refu lenye shingo. Hata boga la makopo linalouzwa Marekani nzima kwa ajili ya pai, sehemu kubwa hutoka kwenye aina yenye ganda la rangi ya chai ya maziwa, ndugu wa karibu wa butternut, si haya ya barazani. Hulimwa zaidi Illinois.

Kuhusu kuoza: boga zima lisilo na jeraha hukaa hata miezi miwili mahali pakavu penye ubaridi. Likishatobolewa, hesabu siku 3 mpaka wiki moja, kutegemea hali ya hewa. Kwa hiyo nunua sasa kabla hayajachaguliwa, chonga tarehe 28 au 29. Wakati wa kununua angalia kikonyo kiwe kigumu na cha kijani, na bonyeza chini kwenye kitako. Kama panabonyea, liache. Na usilibebe kwa kikonyo, kikikatika huoza kuanzia hapo.

Jambo lingine ambalo hakuna anayewaambia wageni: Ohio ya kati si lazima watoto wapite milangoni kuomba pipi tarehe 31. Kila mji hutangaza siku yake, miaka ya nyuma mara nyingine ilikuwa siku moja au mbili kabla, na kawaida ni saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Angalia tangazo la mtaa wako mapema, usije ukawasha taa siku ambayo wenzako wameshamaliza.

Na kama mna gari, wapelekeni watoto Circleville, kusini mwa Columbus, chini ya saa moja. Wana tamasha la maboga tangu 1903, huanza Jumatano ya tatu ya Oktoba na kwisha Jumamosi. Kuingia ni bure. Kuna mashindano ya maboga yenye uzito wa mamia ya kilo, mtoto anasimama pembeni haonekani. Nendeni Jumatano au Alhamisi, Jumamosi hakuna pa kukanyaga.

---

jiko_la_pwani

Shoga wa Tanga, hapa umenikuta.

Vitafunwa vyako usivipeleke shule wala usiwape watoto wa mlangoni. Huku wazazi wanafundishwa tangu miaka mingi: kitu kilichopikwa na mtu usiyemjua mtoto hali, kinatupwa. Usikasirike, nawe mwanao akiletewa biskuti na mtu usiyemjua utafanya hivyo hivyo. Vya mlangoni nunua vilivyofungwa. Vya jikoni ni vya nyumbani kwenu, vya majirani mnaojuana, na vya watoto wa wenzetu mtakaowaalika siku ya kuchonga. Alika watu! Siku ya kuchonga ndiyo yenye raha kuliko hata siku yenyewe.

Anza na maandazi ya boga, maana unga wake watoto wanaweza kuushika. Chemsha au choma kabocha kwenye oveni, liponde, liache lipoe kabisa. Unga wa ngano nusu kilo, boga lililopondwa kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kutwanga, chumvi kidogo. Usimwage tui lote kwa pamoja, boga lenyewe lina maji. Kanda kwanza, kisha ongeza tui kijiko kijiko mpaka unga uache kushika mikono. Uumuke, usukume, halafu mpe kila mtoto kikombe akate maumbo yake. Binti yako mdogo akikata duara na kulitoboa macho kwa kidole, tayari ana boga lake. Kukaanga ni kazi yako. Yatatoka na rangi ya manjano nzuri, na kesho yake bado laini kuliko ya kawaida, boga ndilo linaloyafanya yasikauke.

Boga la nazi unalijua, sikufundishi. Ila wafanyie watoto zito kabisa, tui la kwanza litiwe mwisho, kisha ulimimine kwenye vikombe vidogo vipoe frijini, unyunyize mdalasini juu. Watoto wa huku ambao hawajawahi kuona tui kwenye boga wanalimaliza.

Na nikwambie jambo. Mwezi huu kila duka litakuuzia kopo dogo la viungo vya boga kwa bei ya ajabu. Soma nyuma: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Ni vitu ambavyo sisi watu wa pwani tunavyo kwenye kabati la chai. Saga vyako, ongeza iliki, nyumba itanukia zaidi ya duka.

---

mrembo_wa_nakuru

Hujambo dada. Mimi niko Minnesota, kijana wangu ana mzio mkali wa karanga, kwa hiyo Oktoba kwangu ni mwezi wa kusoma maandishi madogo.

Naomba kwa heshima, kama mtaalika watoto wengine, kashata za karanga ziweke kando. Ufuta pia uulizie kwanza, tangu 2023 uko kwenye orodha ya Marekani ya vyakula vikuu vinavyoleta mzio, na si bure. Waulize wazazi kabla ya siku, kwa ujumbe, si mlangoni watoto wakiwa wameshaingia.

Halafu kuna jambo zuri la kufanya na huyo mdogo. Ukiona nyumba ina boga lililopakwa rangi ya feruzi, maana yake pale kuna zawadi zisizo chakula: vibandiko, penseli, vipovu vya sabuni, pete za plastiki. Lilianzia Tennessee, na tangu 2014 limesambaa nchi nzima. Nunua boga dogo, mpe msichana wako rangi na brashi alipake lote feruzi, mliweke mlangoni na bakuli la vitu vidogo pembeni. Hakuna kisu, na kazi yake ina maana kweli. Mara ya kwanza mwanangu alipoliona boga hilo barabarani alikimbia akatuacha nyuma. Alijua pale hakuna haja ya kuuliza mama kama anaruhusiwa.

---

zamu_ya_usiku

Nafanya kazi chumba cha dharura. Wiki ya mwisho ya Oktoba tunashona mikono, na mingi ni ya watu wazima.

Usitumie kisu kikubwa cha jikoni. Ganda linateleza, mtu anasukuma kwa nguvu, kisu kinapita ghafla. Nunua kile kimsumeno kidogo cha kuchongea, kinauzwa bei rahisi maduka yote sasa hivi. Kausha boga na mikono, kata taratibu kama unapasua mbao, usidunge. Mtu mzima ndiye anayekata. Mkubwa achore sura kwa kalamu ya wino na akwangue ndani kwa kijiko cha chuma, mdogo atoe mbegu kwa mikono. Kazi zote tatu ni za kweli.

Kata tundu chini kwenye kitako, usikate kifuniko juu. Boga hukaa wima vizuri zaidi na unalifunika tu juu ya taa. Taa yenyewe iwe ya betri. Mavazi ya watoto usiku ule yanaburura chini, mshumaa wa moto barazani sikushauri.

---

abu_feruzi

Dada, sisi nyumbani hatusherehekei siku hiyo, na sijaja kukubishia. Nimekuja kusema tu kwamba wiki hizi zina mengi ya kufurahia hata kwa familia kama yetu. Sisi huenda shamba la maboga Jumamosi asubuhi. Unapanda tela la marobota ya majani, linakushusha katikati ya shamba, unachagua boga kwenye mche wake. Wanangu waliona kwa mara ya kwanza kwamba boga hutambaa. Tukirudi tunapika, tunagawa kwa majirani. Waulize pia wenye shamba kama wana majani machanga ya maboga, mwanzoni mwa Oktoba kabla ya baridi kali huwa yapo. Mwenyewe alinishangaa, akanipa fungu zima bure.

---

mama_wa_mabinti

Jamani, nimesoma yote mara mbili. Mzee wa Ohio, asante sana kwa hilo la tarehe, mimi nilikuwa najua ni 31 na basi. Mrembo wa Nakuru, nimemwonyesha mdogo picha ya boga la feruzi, sasa hivi anataka kupaka hata ukuta. Abu Feruzi, majani ya maboga umenigusa moyo, nitauliza.

Swali lililobaki: mbegu. Zikitoka bakuli zima nizifanyeje? Kwetu tulizikausha juani, lakini jua la huku sasa hivi ni la kuangalia tu. Na nyama ya lile la kuchonga kweli niitupe?

---

jiko_la_pwani

Usitupe hata kidogo. Zioshe zitoke utelezi wote, chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 10, chuja, zifute kwa kitambaa kikavu. Mafuta kidogo, tandaza kwenye trei safu moja, oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, dakika 20 hivi, ukigeuza katikati. Zikianza kupasuka na kunukia, toa. Nusu tia chumvi na pilipili kwa ajili ya baba yao.

Nusu nyingine fanya kashata za mbegu, hizo hazina karanga. Ila kwa kashata ni afadhali ununue mbegu zilizomenywa, za kijani, maana hizi zenye ganda ni ngumu kwa mtoto wa miaka minne. Sukari kikombe 1 iyeyuke moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali, tia mbegu kikombe 1, iliki na chumvi kidogo, mimina haraka kwenye trei iliyopakwa mafuta. Kata ingali moto, ikipoa itavunjika ovyo. Watoto wakae mbali kabisa hapo, sukari iliyoyeyuka inaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Kazi yao ni kufunga kwenye karatasi zikishapoa. Kwenye chupa yenye mfuniko unaobana zinakaa wiki mbili.

Nyama ya lile la kuchonga ikwangue siku hiyo hiyo, ichemshe na tangawizi, kitunguu na tui, ufanye supu. Huko maji yake hayana hasara. Lakini likishakaa nje limechongwa, usilirudishe jikoni tena.

---

mzee_wa_ohio

Naongeza kwa hapo. Boga lililopondwa likizidi, gandisha kwenye mifuko bapa, kikombe kimoja kimoja, utalitumia mpaka baridi iishe. Usilifunge kwenye chupa za kioo kwa kuchemsha nyumbani hata ukiona watu wanafanya. Wizara ya kilimo ya huku haishauri hivyo kwa boga lililopondwa, ni zito mno, joto halifiki katikati vizuri na vijidudu vyenye sumu vinaweza kubaki.

Na kindi! Watakula boga lako usiku mmoja. Pakaza mafuta kwenye kingo ulizokata, unyunyize unga wa pilipili kali, na usiku liingize ndani. Watoto wakiuliza kwa nini boga, waambie Waairishi walikuwa wakichonga tanipu, mizizi ya mviringo inayoliwa, kwao, walipohamia Marekani wakakuta boga ni kubwa na rahisi zaidi.

---

mama_wa_mabinti

Nimeelewa. Jumamosi hii shambani, wiki ijayo maandazi, tarehe 28 tunachonga. Mlioko Columbus na watoto, nitumieni ujumbe wa faragha niwape anwani, na mniambie mapema nani ana mzio wa nini. Supu na maandazi ni juu yangu. Njooni na boga lenu na kimsumeno chenu.