Mtoto amezuiliwa Johannesburg na baba yake, na sasa kuna habari za kumhamishia Dar: Mkataba wa Hague unasaidia?

Mzizima_B:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wanaozifahamu sheria za familia zinazovuka mipaka. Mimi ni msaidizi wa kisheria kwenye jumuiya yetu huku Birmingham, na kuna mama nataka nimwelekeze vizuri kabla muda haujamtupa mkono.

Mtoto ana miaka sita, amezaliwa na kukulia Uingereza. Wazazi wana ndoa ila wametengana, na hakuna amri yoyote ya mahakama. Julai baba aliomba aende na mtoto Johannesburg, ambako anafanya kazi, na mama akakubali kwa WhatsApp. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe 30 Agosti, mtoto hakurudi. Baba anasema ameshamwandikisha shule. Sasa ni Novemba, na ndugu wamemtonya mama kwamba Desemba mtoto atahamishiwa Dar es Salaam. Baba ni raia wa Tanzania.

Maswali yangu: mama alikubali safari, je, huko bado ni kumtorosha mtoto? Aanzie wapi, polisi, mahakama ya hapa au wakili wa Afrika Kusini? Na mtoto akishafika Dar, mkataba unamfuata?

---

Jicho_la_Sheria:
Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Hapana, haumfuati. Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980, ule wa kurudisha watoto waliotoroshwa kuvuka mipaka, unafanya kazi kati ya nchi mbili zilizomo tu, na kinachoangaliwa ni mtoto yuko wapi sasa. Uingereza imo, na Afrika Kusini imo tangu 1997. Tanzania haimo. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi nazo hazimo, na Oman na Falme za Kiarabu vivyo hivyo. Kwa hiyo mama ana mlango ulio wazi leo, na utafungwa siku ndege itakapotua Dar. Kila hatua ipimwe kwa Desemba hiyo.

Tena nchi kuwamo hakutoshi. Nchi inayojiunga baadaye inahusiana tu na zile zilizoukubali ujio wake (Ibara ya 38). Pakistan, kwa mfano, ilijiunga 2016, lakini mkataba haukuanza kufanya kazi kati yake na Marekani hadi Oktoba 2020. Jedwali la nchi liko kwenye tovuti ya HCCH, shirika linalosimamia mkataba huu. Litazame siku ileile unayofungua maombi, usitegemee orodha za mitandaoni. Kati ya Uingereza na Afrika Kusini hakuna tatizo.

Swali la kwanza. Mkataba unataja makosa mawili: kumwondoa mtoto na kumzuilia. Safari ya Julai ilikuwa halali, kosa ni kumzuilia baada ya 30 Agosti. Ridhaa ya likizo si ridhaa ya kuhamia. Mama atalazimika kuthibitisha haya:

– Mtoto hajatimiza miaka 16.
– Makazi yake ya kawaida kabla ya 30 Agosti yalikuwa Uingereza. Hapa huangaliwa maisha yenyewe: shule, daktari, nyumba, ndugu. Uraia na pasipoti havina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani.
– Mama alikuwa na haki ya malezi na alikuwa akiitumia. Amri ya mahakama haihitajiki. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya 1989, kifungu cha 2, inawapa wazazi wenye ndoa jukumu la uzazi wote wawili, kwa hiyo baba hawezi kubadili nchi ya mtoto peke yake.

Maombi yanaanzia kwenye ICACU, kitengo cha serikali cha watoto waliotoroshwa nje, ambacho ndicho Mamlaka Kuu ya mkataba (ofisi inayopokea na kutuma maombi) kwa Uingereza na Wales. Hakitozi ada. Bahasha iwe na fomu iliyojazwa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, picha za karibuni za mtoto na za baba, nakala za pasipoti, tiketi ya kurudi, ujumbe wote wa WhatsApp kuanzia ombi la safari (mzima, si vipande alivyovichagua mama), barua ya shule na ya daktari, anwani zote zinazowezekana za Johannesburg pamoja na mwajiri wa baba, maelezo ya mama yenye tarehe, na idhini iliyosainiwa ya kumwakilisha. Maombi mengi hukwama kwenye anwani. Usisubiri uwe na anwani kamili: namba ya simu, jina la shule, hata namba ya gari vinatosha kuanzia.

Kuhusu muda kuna mtego unaowanasa hata mawakili. Ibara ya 12 inasema shauri likifunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kosa, mahakama hurudisha mtoto bila kuuliza kama ameshazoea. Ukipita mwaka, baba anaweza kujitetea kwamba mtoto ametulia katika mazingira mapya. Mwaka huo unahesabiwa hadi siku shauri linapofunguliwa mahakamani kule aliko mtoto. Siku fomu ilipofika ICACU haihesabiki. Na msitegemee huruma: Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mwaka 2014 kuusogeza mbele hata pale mzazi aliyeachwa alipokuwa amefichwa mtoto aliko.

Na mama aelewe anachoomba. Amri ya Hague inamrudisha mtoto Uingereza. Haimpi mama malezi (Ibara ya 19). Nani akae na mtoto litaamuliwa na mahakama ya huku baadaye, na baba atakuwa na nafasi yake ya kusikilizwa.

---

Bi_Mkubwa_Pretoria:
Jicho amesema kweli. Niongeze ya upande wa huku.

Mamlaka Kuu ya Afrika Kusini ni Mwanasheria Mkuu wa Familia, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Sheria. Faili likitoka ICACU linakuja kwao, nao wanaweza kulifungua Mahakama Kuu ya eneo aliko mtoto, kwa hiyo mama hahitaji kulipa wakili binafsi ili shauri lianze. Lakini faili likienda njia hiyo peke yake, wiki kadhaa zinaweza kuishia kwenye barua za hapa na pale. Kwa kuwa kuna tishio la Desemba, mwenye uwezo aajiri wakili Johannesburg sambamba. Ibara ya 29 inaruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja bila kupitia mamlaka hizo.

Cha kwanza kabisa kuombwa ni amri ya muda, ya upande mmoja, kabla baba hajajua: mtoto asitoke nchini, pasipoti zake zote zikabidhiwe, na amri ipelekwe kwa wanaosimamia mipaka. Ushahidi wa hao ndugu waliomtonya mama uwekwe kwenye hati ya kiapo kwa maneno yao wenyewe. "Nimesikia atahama" hakumshtui jaji. Picha ya ujumbe wenye tarehe ya ndege inamshtua.

Watu husahau jambo moja. Baba anaweza kwenda Ubalozi wa Tanzania hapa Pretoria kumwombea mtoto pasipoti ya Tanzania au hati ya dharura ya kusafiria, kwa hiyo kushika ile pasipoti ya Uingereza pekee hakutoshi. Wakili apeleke nakala ya amri ubalozini kwa barua na abaki na risiti ya kupokelewa.

Wala msiangalie uwanja wa ndege tu. Kuna barabara: Beitbridge, Zimbabwe, Zambia, Tunduma. Zimbabwe na Zambia zimo kwenye mkataba, ila kwa kila moja mhakikishe kwanza kama inahusiana na Uingereza. Pale Tunduma hadithi inaisha.

Mtoto naye atapewa wakili wake. Sheria ya Watoto ya hapa, Na. 38 ya 2005, kifungu cha 279, inalazimisha hivyo kwa kila shauri la Hague. Msichukulie kama hila ya baba.

Mkataba unataka uamuzi ndani ya wiki sita. Msimwahidi mama wiki sita. Uchambuzi wa mashauri ya 2021 kote duniani ulipata wastani wa siku 207.

---

Mzizima_B:
Shukrani sana, Bi Mkubwa na Jicho. Sasa kuna kitu kinanipa wasiwasi. Mwezi wa tisa mama alimwandikia baba: "Basi amalizie muhula huko, lakini Krismasi awe nyumbani." Na baba ameshasema atadai mama alikuwa akimpiga mtoto. Hayo mawili yanaharibu?

---

Jicho_la_Sheria:
La kwanza ni zito kuliko la pili.

Ibara ya 13 inampa baba utetezi kama mama aliridhia kabla au alikubali baadaye. Mahakama za Uingereza, tangu uamuzi wa House of Lords (wakati huo mahakama ya juu kabisa ya huko) wa 1997 katika kesi ya Re H, zinatazama nia halisi ya mzazi aliyeachwa, na hazipendi kumwadhibu mtu aliyekuwa akibembeleza ili mtoto arudi kwa amani. Jaji wa Johannesburg hafungwi na uamuzi huo, ila hoja inafaa kupelekwa. Ujumbe wa mama una masharti, "Krismasi awe nyumbani", na hayo ndiyo yatakayomwokoa. Asifute chochote. Lakini baba anaweza kusema tarehe ya kosa sasa ni Krismasi na si Agosti, kwamba maombi yamekuja mapema. Jibu lake: kama kuna ushahidi kwamba ameshaamua kutomrudisha, kosa linaweza kuhesabika hata kabla ya tarehe waliyopatana, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali hivyo mwaka 2018. Ndiyo maana ule mpango wa Dar una thamani mara mbili.

Kuanzia leo kila ujumbe wa mama uwe na sentensi moja ileile: sikubali mtoto abaki huko, namtaka arudi Birmingham. Mazungumzo ya suluhu yapitie kwa mawakili au msuluhishi, yaandikwe kwamba hayaathiri haki ya mtu. Hapo Uingereza shirika la reunite linashughulikia usuluhishi wa aina hii hasa.

Madai ya kupiga yanaingia chini ya "hatari kubwa", Ibara ya 13(1)(b). Kizingiti ni cha juu, na jaji wa Hague haendeshi kesi nzima ya malezi. Kwa kawaida atauliza: hata kama ni kweli, Uingereza haiwezi kumlinda mtoto akirudi? Mama asijibu kwa kukana tu. Aende na ahadi: mtoto afikie kwa bibi, ustawi wa jamii wajulishwe, kikao cha kwanza mahakamani kipangwe ndani ya siku chache. Katika Sonderup dhidi ya Tondelli, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamuru mtoto arudishwe Kanada huku ikiweka masharti ya kumlinda yeye na mama yake. Jaji hupenda kuona masharti hayo yameandikwa tayari.

---

Wakili_Kinondoni:
Ngoja niseme ya Dar, maana wengi hudhani amri ya London ukiigonga muhuri inatekelezwa. Haitekelezwi. Hapa hakuna Mamlaka Kuu, na mtoto akishaingia mama anafungua shauri jipya la malezi, ambamo kipimo ni maslahi ya mtoto, chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009. Hakuna swali la "nani alimtorosha" linalofunga mjadala kama kwenye Hague. Amri ya Uingereza inabaki kuwa ushahidi, tena ushahidi mzuri: inaonyesha mtoto aliishi wapi na mahakama ya kwao inasemaje. Kwa hiyo aiombe Mahakama Kuu ya Uingereza impokee mtoto chini ya uangalizi wake na kumwamuru baba amrudishe, hata kama baba yuko nje.

Kifungu cha 125(3) cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vyema awe na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Mtoto huyu ana sita. Kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Kwa hiyo baba akifanikiwa kuvuta muda, dhana inamtoka mama na hoja ya utulivu inahamia kwa baba.

Akivushwa Zanzibar ni kitabu kingine: Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko, kuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, na kama wazazi ni Waislamu suala la hadhana (malezi ya mtoto kwa sheria ya Kiislamu) linaweza kuangukia Mahakama ya Kadhi. Wakili wa Dar pekee hatoshi hapo.

Ubalozi wa Uingereza Dar utampa mama orodha ya mawakili. Hautamchukua mtoto. Na asithubutu kutuma watu wamchukue mtoto shuleni. Atageuka yeye mshtakiwa, na kesi ya malezi itakuwa imeishia hapo.

---

Mzizima_B:
Nimeelewa, wakili msomi. Na polisi?

---

Bi_Mkubwa_Pretoria:
Aripoti Birmingham apate namba ya taarifa, itasaidia kuonyesha hakukubali. Ila kabla ya kushinikiza baba atolewe hati ya kukamatwa, amuulize wakili wake. Baba akijua atakamatwa akitua Heathrow, hamleti mtoto kwa hiari, na wakili wake atasimama Johannesburg kudai mtoto atashuhudia baba akifungwa pingu. Mara nyingi ahadi ya kutofuatilia jinai ndiyo inayomaliza shauri nje ya mahakama.

Fomu ya ICACU iende kesho asubuhi. Cheti cha ndoa kikichelewa, itumwe bila hicho, kifuate.