Tauni ya 1348: panya tumewabebesha lawama isiyo yao peke yao

Wanajamvi, kila kikitajwa Kifo Cheusi, yaani tauni iliyoipiga Ulaya mwaka 1348, jibu huwa ni lile lile: meli zilileta panya, viroboto wa panya wakauma watu, watu wakafa. Mimi nalipinga. Panya walikuwa na sehemu yao, hasa bandarini, lakini nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji tauni ile ilisambazwa na watu wenyewe, kwa viroboto na chawa waliokuwa kwenye nguo na matandiko yao.

Hoja ya panya ilipata nguvu Asia, karne tano baadaye. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aligundua bakteria wa tauni Hong Kong, na 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, akaonyesha kuwa kiroboto ndiye anayemtoa kwa panya. Kazi kubwa, sibishi. Lakini India watu waliona panya wakifa majumbani, wakajua hatari imefika, wakahama. Kwa Ulaya ya 1348, tutafutieni taarifa za mizoga ya panya. Ni adimu mno. Mwandishi Boccaccio wa Florence anasimulia nguruwe wawili waliovurugavuruga matambara ya maskini aliyekufa na tauni, wakaanguka wakafa. Matambara! Tabibu Ibn al-Khatib wa Granada naye aliandika waziwazi kuwa ugonjwa unapita kwa nguo na vyombo, na kuwa waliojitenga walisalimika.

Halafu kuna kasi. Messina, bandari ya Sicily, ilipigwa Oktoba 1347. Kabla 1348 haijaisha tauni ilikuwa London, na 1349 ikafika Bergen, Norway. Kwa njia ya panya, lazima kwanza panya wa mtaa wafe, ndipo viroboto wao wenye njaa wahamie kwa watu. Hilo huchukua wiki kadhaa kila mahali.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao walichukua rekodi za vifo vya milipuko tisa ya Ulaya, wakazilinganisha na njia tatu: panya, kikohozi, na viroboto na chawa wa binadamu. Katika milipuko saba, njia ya tatu ndiyo iliyoendana vizuri zaidi na rekodi.

Najua pingamizi lililopo, na ni zito: kiroboto wa binadamu ni mbebaji dhaifu, kwa sababu tumbo lake halizibi kirahisi kama la kiroboto wa panya, ambaye akiziba hutapika bakteria kwenye kidonda kila anapouma. Sawa. Ila mgonjwa anapokaribia kufa damu yake huweza kujaa bakteria, na chawa hakai kwenye mwili uliopoa. Anahama. Anahamia kwa nani, kama si kwa aliyelala kitanda kimoja na marehemu, au aliyemwosha, au aliyerithi shuka lake? Chawa mmoja ni dhaifu. Nyumba iliyojaa chawa ni habari nyingine.

Kikohozi nacho tusikisahau. Guy de Chauliac, tabibu wa Papa huko Avignon, alitofautisha wazi: waliotema damu walikufa ndani ya siku tatu, wenye mitoki ya kwapani na kinenani ndani ya tano.

Anayedhani haya ni ya wanahistoria tu aangalie Lushoto. Tauni iliingia huko 1980 ikarudi tena na tena kwa miaka zaidi ya ishirini. Utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta kiroboto wa binadamu kwa wingi ndani ya nyumba za vijiji vilivyougua mara nyingi. Ukitega panya tu ukaacha sakafu ya udongo na matandiko vilivyo, umefanya nusu ya kazi, na watoto wanalala humo humo.

Sasa anayetetea panya anijibu hili: Iceland ilipigwa na tauni 1402 hadi 1404, ikapoteza sehemu kubwa ya watu wake, na wachimbaji hawajapata mabaki ya panya wa wakati huo. Ilisambaaje?