Faida ipo kwenye vitabu, benki hakuna hela: naanzia wapi kujifunza usimamizi wa fedha za kampuni?

Mgeni_wa_Mizania:
Wakuu, habari zenu. Nimehamishiwa kitengo cha fedha kutoka mauzo, na nimeanza kujisomea misingi ya usimamizi wa fedha za kampuni. Kila somo ninalofungua ni rundo la fomula. Nazikariri leo, kesho zimeyeyuka. Naomba mnisaidie kwa haya:

1. Nianze na nini, kisha nifuate na nini?
2. Kampuni inaonyesha faida mwaka mzima, lakini inakopa ili ilipe mishahara. Inawezekanaje kama hakuna anayeiba?
3. Mradi mpya ukiletwa mezani, naupima kwa kipimo gani?

Tafadhali nipeni mifano yenye namba. Nadharia ninayo ya kutosha.

---

LejaKuu:
Karibu mkuu. Fomula ziweke kando kwanza. Anza na taarifa tatu: ya faida na hasara, mizania (orodha ya mali, madeni na mtaji kwa tarehe moja; mali lazima ilingane na madeni jumlisha mtaji), na ya mtiririko wa fedha. Zisome kwa pamoja, maana kila namba kwenye moja ina mahali inapogusa nyingine. Ukiweza kuifuata namba moja kutoka taarifa hii hadi ile, umemaliza nusu ya kazi, na swali lako la pili linajijibu lenyewe.

Chukua kampuni hii, tarakimu zote ni milioni. Mauzo 1,200, yote kwa mkopo. Gharama ya bidhaa zilizouzwa 780. Gharama za uendeshaji 180. Uchakavu (sehemu ya bei ya mashine inayokatwa kila mwaka) 60. Riba 30. Inabaki 150 kabla ya kodi. Kodi ya asilimia 30 ni 45, kwa hiyo faida halisi ni 105. Mkurugenzi anapongezwa.

Sasa ifuate hela:

Faida halisi: 105
Rudisha uchakavu: +60
Wadaiwa (wateja ambao hawajalipa) wamepanda kutoka 100 hadi 220: −120
Stoki imepanda kutoka 90 hadi 150: −60
Madeni ya wasambazaji yamepanda kutoka 70 hadi 95: +25
Hela iliyotokana na shughuli: 10

Kampuni hiyohiyo imenunua mashine ya 50 na kurejesha 40 za msingi wa mkopo. Kumi toa tisini: salio la benki limeshuka kwa 80, katika mwaka ambao vitabu vinasema faida 105. Hakuna aliyeiba. Mauzo yanaandikwa siku unapokabidhi bidhaa na kutoa ankara, hata kama mteja atalipa baada ya miezi mitatu. Mashine inaingia kwenye gharama kidogokidogo kupitia uchakavu, ila hela yake hutoka mara moja. Na msingi wa mkopo haupiti kabisa kwenye taarifa ya faida na hasara. Kinachopita pale ni riba peke yake.

Angalizo: usije ukasema uchakavu "unaleta" hela. Hauleti kitu. Tunaurudisha kwa sababu ulikatwa kwenye faida bila hela yoyote kutoka mwaka huo. Faida yake pekee ya kifedha ni kupunguza kodi, pale sheria ya kodi inapokubali makato hayo.

Zoezi: tengeneza jedwali la taarifa hizi tatu, kisha ongeza uchakavu kwa 10 bila kugusa kingine. Kodi ikipungua kwa 3, faida halisi ikashuka kwa 7, hela ikapanda kwa 3 na mizania bado ikalingana, jedwali lako ni zima. Isipolingana, tafuta kosa. Usibandike namba ya kuziba pengo.

---

SikuTisini:
Naongezea hapo kwenye wadaiwa na stoki, maana ndipo kampuni nyingi zinapozama huku zinakua.

Geuza hizo namba ziwe siku. Wadaiwa 220 gawanya kwa mauzo 1,200 zidisha 365: siku 67. Stoki 150 gawanya kwa gharama ya bidhaa 780 zidisha 365: siku 70. Wasambazaji 95 kwa 780 zidisha 365: siku 44. Mzunguko wa fedha ni 67 + 70 − 44, yaani siku 93. Tangu umlipe msambazaji mpaka mteja akulipe, kwa wastani siku 93 zinapita, na hela ya kuziba hizo siku lazima itoke mahali.

Hapo ndipo utaona kwa nini mauzo yakipanda haraka hali inabana zaidi. Mzunguko ukibaki siku 93, kila ongezeko la mauzo linadai mtaji wa uendeshaji mpya (hela iliyofungwa kwenye stoki na wadaiwa, ukitoa madeni ya wasambazaji) kabla halijaleta hela yoyote.

Upande wa dawa: siku moja ya wadaiwa hapa ina thamani ya 1,200 ÷ 365, karibu milioni 3.3. Ukishusha siku 67 hadi 45, unafungua kama milioni 72. Linganisha na lile pengo la 80. Ila ni nafuu ya mara moja, haijirudii kila mwaka. Na usiridhike na wastani: chambua wadaiwa kwa umri wa deni, siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Wastani wa 67 unaweza kuwa wateja wote wanachelewa kidogo, au wawili wakubwa hawalipi kabisa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

---

Mgeni_wa_Mizania:
Asanteni sana, hapo kwenye siku nimeelewa. Basi si rahisi zaidi tukawachelewesha wasambazaji hadi siku 80?

---

SikuTisini:
Piga hesabu kwanza. Tuseme msambazaji anatoa punguzo la asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo ulipe yote siku ya 30. Ukiacha punguzo, umekopa 98 kwa siku 20 na umelipa 2. Gawanya 2 kwa 98, zidisha 365 kwa 20: asilimia 37 kwa mwaka, bado hujalimbikiza riba juu ya riba. Overdrafti ya benki (ruhusa ya kutoa hela zaidi ya salio lako) kwa kawaida ni nafuu kuliko hiyo. Pale pasipo na punguzo, tumia siku zote ulizokubaliwa kwenye mkataba, lakini ukizidisha, msambazaji atapandisha bei au atadai malipo kabla ya mzigo.

---

MizaniYaMtaji:
Nijibu swali la tatu. Mradi pima kwa thamani halisi ya sasa (kwa Kiingereza NPV). Orodhesha hela inayotoka na inayoingia kwa kila mwaka, irudishe kila moja kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha punguzo, jumlisha. Ikizidi sifuri, mradi unaongeza thamani kwa wenye kampuni.

Kiwango cha punguzo hukitoi hewani. Ni gharama ya mtaji. Tuseme kampuni inategemea mkopo kwa asilimia 40 na hisa kwa asilimia 60, ukizipima kwa thamani ya soko na si ya vitabuni. Mkopo una riba ya 12, na kwa kuwa riba inapunguza kodi ya asilimia 30, gharama yake halisi ni 8.4. Wanahisa wanatarajia 18. Basi 0.4 × 8.4 + 0.6 × 18 = 14.16, tuite 14. Wengi hudhani hela ya wanahisa ni ya bure kwa sababu haina hati ya riba. Ndiyo ghali kuliko zote: mwanahisa analipwa wa mwisho, na anataka kufidiwa kwa hilo.

Mfano: mashine ya 100, inaingiza 30 kila mwaka kwa miaka 5 baada ya kodi. Kwa asilimia 14, hizo 30 mara tano zina thamani ya leo ya 103.0. Toa 100, unabaki na +3.0. Unaonekana mradi mzuri. Sasa fundi wa uzalishaji anakumbusha kwamba mashine itahitaji stoki ya ziada ya 10 tangu siku ya kwanza, itakayorudi mwisho wa mwaka wa tano. Hiyo 10 ya mwaka wa tano leo ni 5.2 tu. Umepoteza 4.8, na +3.0 imegeuka −1.8. Mtaji wa uendeshaji ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote kwenye maandiko ya miradi.

Makosa mengine ninayoyaona sana: kuingiza gharama ya utafiti uliokwisha kulipwa (hiyo imekwenda, mradi upite usipite), kukata riba ndani ya mtiririko kisha kutumia kiwango chenye riba hiyohiyo, yaani kuihesabu mara mbili, na kuchanganya mfumuko wa bei. Kiwango cha 14 chenye mfumuko wa 6 ndani yake ni sawa na 7.5 hivi bila mfumuko. Kama makadirio yako ya mauzo yametumia bei za leo kwa miaka yote, ukapunguza kwa 14, umeuonea mradi.

---

HojaKinzani:
Nakubaliana na MizaniYaMtaji, ila naongeza mambo ambayo mgeni atakumbana nayo wiki ya kwanza.

Wakubwa watamuuliza "mradi unarudisha asilimia ngapi?" Ajihadhari. Mradi A unatumia 10 na kurudisha 15 baada ya mwaka: asilimia 50. Mradi B unatumia 100 na kurudisha 125: asilimia 25. Kama unaweza kufanya mmoja tu, kwa asilimia 14 A unaongeza 3.2 na B unaongeza 9.6. Asilimia kubwa haijalipa zaidi. Kipindi cha kurudisha mtaji nacho kitajwe, kinasaidia kuona hatari ya ukwasi (kukosa hela ya kulipa kwa wakati), lakini hakioni chochote kinachotokea baada ya mtaji kurudi.

Pili, ile 14 ni ya kampuni kwa hatari yake ya kawaida. Biashara mpya yenye hatari kubwa inahitaji kiwango chake.

Tatu, kuhusu mkopo. Wachumi Modigliani na Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba pasipo kodi na gharama za kufilisika, mgawanyo wa mkopo na hisa haubadilishi thamani ya kampuni. Maana yake kwa kazi ya kila siku: mtu akikuambia mkopo unaongeza thamani, muulize inatoka wapi, na mara nyingi jibu ni kodi. Upande wa pili ni hatari. Rudi kwa kampuni ya LejaKuu: faida kabla ya riba ni 180, riba 30, inaibeba mara 6. Shusha mauzo kwa asilimia 10, gharama ya bidhaa ishuke nayo, nyingine zibaki palepale. Faida kabla ya riba inakuwa 138, imeshuka asilimia 23. Baada ya riba ni 108, imeshuka asilimia 28. Jedwali la namna hiyo lifanye kabla ya kusaini mkopo wowote. Na mashine ya miaka 5 usiinunue kwa overdrafti ambayo benki inaweza kudai irudishwe wakati wowote.

La mwisho ni dogo lakini linaaibisha. Fomula ya NPV kwenye Excel inachukulia namba ya kwanza kuwa ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiingiza −100 ya leo ndani ya mabano pamoja na zile 30, utapata 2.6 badala ya 3.0. Weka za mwaka wa 1 hadi wa 5 ndani, na ile −100 ijumlishe nje.